Pointi za Kwenda na za Kurudi

Kazi ya Sista ilikuwa kusindikiza wagonjwa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya mahututi, kisha hospitali ikamhamishia kitengo cha rufaa za nje, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kupanda na kushuka ndege na watu wasiojiweza. Jina la kwenye cheti chake hakuna aliyelitumia. Wagonjwa walimwita Sista, wenzake walimwita Sista, hata mlinzi wa getini alimwita Sista. Majirani walidhani anakula raha. "Wewe mwenzetu uko mawinguni," walimtania. Hawakujua kwamba huko mawinguni anakuwa amepiga magoti kwenye ujia wa ndege, ameshika mfuko wa matapishi, huku abiria wakimtazama kwa jicho la pembeni kana kwamba ndiye aliyetapika.

Aliyemfumbua macho kuhusu pointi ni daktari mmoja wa kitengo hicho, mtu wa maneno mengi, ambaye naye alisafiri sana. Siku moja, wakisubiri gari la wagonjwa, alimuuliza safari zake anaziandikisha wapi.

"Kuandikisha kivipi?"

"Mungu wangu! Sista, kila ukipanda ndege kuna pointi. Usipozidai zinapotea hivi hivi. Zikijaa unapewa tiketi ya bure."

"Si nina kadi ya shirika hili tunalopanda? Walinipa zamani."

"Hiyo itupe. Pointi zao zinaoza kama nyanya, hazifiki popote. Sasa sikiliza. Hawa wana shirika rafiki, wanabebeana abiria. Jiunge na mpango wa huyo rafiki. Unapanda ndege ya hawa, lakini ukifika kaunta unataja namba ya wale. Pointi zinaingia kule, na kule zinakaa."

Sista hakuwa mtu wa kukimbilia vya bure, lakini hili lilimkaa kichwani, kwa sababu shirika hilo rafiki ndilo lililofika kwenye nchi aliyoolewa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa amejifungua. Mama yao alimjua mjukuu huyo kwenye simu tu. Kila Jumapili aliibusu skrini mpaka ikajizima, halafu akalalamika kwamba mtandao mbovu. "Ningemwona kwa macho kabla magoti hayajanigomea," alikuwa akisema, bila kumwomba mtu. Sista akamwahidi. Akajiunga, akawa kila akifika kaunta anataja ile namba, na pointi zikawa zinaongezeka kidogo kidogo, safari hadi safari, mgonjwa hadi mgonjwa.

Ndipo akakabidhiwa Fundi.

Fundi alikuwa mtengeneza cherehani. Washonaji wa soko zima walimjua. Cherehani ikikwama, aliiinamia, akaisikiliza kwanza kabla ya kuigusa. Sasa moyo wake mwenyewe ulikuwa umepanuka na valvu moja haikufunga sawasawa. "Kwa hiyo mimi nimeachia mkanda," alimwambia Sista siku waliyokutana, akacheka mpaka akakosa pumzi. Mfadhili alilipia mtu mmoja tu wa kumsindikiza, na kwa sababu ya mtungi wa oksijeni ilibidi awe muuguzi. Mke wake akabaki.

Siku ya kuondoka, Fundi alibanwa na pumzi pale pale kaunta. Sista akawa anahangaika na mtungi, karani naye akawaharakisha ili wapite, na namba ya uanachama haikutajwa. Hilo halikumsumbua. Alijua safari iliyokosa kuandikishwa inaweza kudaiwa baadaye, mradi uwe na kile kipande cha pasi ya kupandia ndege.

Ndani ya ndege Fundi alipata nafuu. Alitega sikio ukutani, akasikiliza injini kwa muda mrefu, halafu akatangaza, "Hii ingekuwa yangu, ningeitia mafuta kidogo." Abiria wa kiti cha mbele akageuka, uso umemshuka. Sista alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa kweli alimpenda yule mzee. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye lilikuja kuwa gumu kusadikika.

Waliposhuka, Fundi alimwomba kipande chake cha pasi.

"Cha nini, mzee?"

"Mama yao atauliza kama niliachwa peke yangu. Nitamwonyesha namba za viti. Tulikaa jirani."

Akavitia vyote viwili kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, akaupigapiga kwa kiganja.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kisha figo zikagoma. Jioni moja, Sista akimfuta uso, Fundi alifumbua macho akasema waziwazi, "Sista, mwambie mama yao ale. Asinisubiri." Sista alidhani mzee anaweweseka, akamwitikia, "Nitamwambia." Kesho yake alfajiri mzee akafariki. Sista ndiye aliyefungasha vitu vyake. Alilikunja lile koti kwa adabu, akaliweka juu kabisa ya begi, na wakati huo hakuwa na habari na pointi wala pasi. Akarudi na maiti, akawakabidhi ndugu begi uwanjani, akapewa mkono na watu wengi, akaenda nyumbani kulala.

Wiki chache baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Mashirika yale mawili yalikuwa yanavunja urafiki wao. Mwisho wa mwezi ndio mwisho. Safari ambayo haitakuwa imedaiwa kufikia hapo haitapokelewa tena. Sista akafungua akaunti yake. Ilibaki safari moja tu ili tiketi ya mama itimie, na safari hiyo alikuwa nayo. Ilikuwa ile ya kwenda na Fundi.

Alijaribu njia zote za heshima kwanza. Ofisi ya tiketi ikamwambia pasi ya safari iliyokwisha haichapishwi tena. Shirika likamwambia bila picha ya kipande chenyewe haiwezekani. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, nafsi ikimwambia, acha. Halafu Jumapili ikafika, mama akaibusu skrini, na Jumatatu Sista akaomba ruhusa ya kutoka mapema.

Alinunua matunda njiani. Hata wakati anayachagua alijiona mnafiki, akachagua yale mazuri zaidi.

Nyumba ya Fundi ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na nusu ya sebule ilijaa cherehani za watu ambazo hazijachukuliwa, kila moja imefungwa kitambaa chenye jina la mwenyewe. Mjane alikuwa mwanamke mpana, mwenye magoti mabovu, aliyetembea kwa kushika samani. Alipomwona mlangoni alimkumbatia muda mrefu.

"Karibu, mwanangu. Watu wameshapungua, nilijua wewe utakuja. Wewe ndiye wa mwisho kumshika."

"Nimekuja kukujulia hali, mama. Na kukupa pole tena."

Neno hilo lilimtoka kwa ulaini kiasi kwamba yeye mwenyewe aliliogopa.

Wakakaa. Mjane akauliza, Sista akajibu: kama alisikia maumivu, kama wodi ilikuwa na dirisha, kama wale wauguzi wa kule walikuwa na maneno mazuri. Mjane akatikisa kichwa akisema, "Mpaka leo napika cha watu wawili. Mimi na yeye hatukuwahi kula mbalimbali. Hata achelewe vipi huko sokoni, nafunika chakula, namsubiri."

Hapo Sista akakumbuka. "Mama, aliniachia neno. Jioni yake ya mwisho. Alisema, mwambie mama yao ale, asinisubiri."

Mjane akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamwagika, na huku analia akawa anacheka. "Ni yeye! Ni yeye kabisa! Hayo ndiyo maneno yake." Akamshika Sista mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Hujui ulichonipa. Kaa hapo, leo utakula hapa, wala usinikatalie."

Akajikongoja kwenda jikoni. Sista akabaki na mikono yake ambayo bado ilikuwa na joto la yule mama. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi, na nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia lile koti.

Angeweza kuomba. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuomba tu. Lakini angeanzia wapi, baada ya yale machozi? Alisikia sufuria zikigongana jikoni. Akasimama, akaingia, akapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani. Vipande vilikuwemo, vyote viwili, vimeshikana. Alikuwa anavitenganisha kwa kucha aliposikia pumzi nzito nyuma yake.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililomuua Sista. Uso wa yule mama ulilainika zaidi. "Usione aibu, mwanangu," alisema. "Hata mimi kila asubuhi naingia kulishika. Bado lina harufu ya yale mafuta yake ya cherehani."

Kama Sista angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Angelia kidogo, wangelia pamoja. Lakini kile kipande kilikuwa kidoleni, na macho ya mjane yalikuwa yameshakiona.

"Ni nini hicho?"

"Pasi ya kupandia ndege, mama. Yangu. Alinihifadhia."

"Ya kazi gani sasa? Si mlishasafiri?"

Sista akahisi masikio yanawaka. "Kuna pointi. Ukipeleka picha yake wanakuongezea pointi. Zikitimia wanakupa tiketi."

"Wanakupa wewe?"

"Mimi."

"Kwa safari ya kumpeleka mume wangu."

"Ndiyo, mama."

Mjane akaiweka sahani kitandani polepole, kama mtu anayeogopa kitu kisimwagike. Alifikiri. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kuelewa, "Na ya kurudi?"

Siku ile ya kurudi, karani wa kaunta alikuwa dada mpole. Alikuwa amesoma kwenye kompyuta yake kwamba kuna jeneza, akampa pole kwa sauti ya chini, halafu, kwa mazoea ya kazi, akamuuliza kama ana namba ya uanachama. Na Sista, kwa mazoea yake, akaitaja yote kwa kichwa.

"Ya kurudi zilishaingia," alisema.

"Zilishaingia." Mjane akaitikia kwa kichwa. "Na yeye? Yeye naye alihesabiwa?"

"Hapana, mama. Wanahesabu abiria tu."

Alitamani alirudishe neno lile kinywani. Lilikuwa limeshatoka, likakaa chumbani baina yao. Mjane akanyoosha mkono, akachukua kipande cha mume wake, akakirudisha kwenye mfuko wa koti, akaupigapiga mfuko kwa kiganja.

"Cha kwako chukua," alisema. "Haya, njoo ule, sista. Chakula kinapoa."

Alikuwa amemwita sista. Tangu afike alikuwa mwanangu.

Na Sista akala. Hakujua namna ya kukataa. Alikaa mezani, mjane akakaa mbele yake bila sahani, akimtazama. Alimaliza chote. Aliposhukuru, mjane akasema, "Karibu." Alipofika barabarani, alisimama nyuma ya kibanda cha vocha akalia kwa hasira, hasira ya kujichukia. Halafu akafuta macho, akakiweka kile kipande juu ya pochi yake, akakipiga picha, akaituma. Mwezi ulikuwa unakwisha.

Pointi ziliingia baada ya siku chache. Tiketi ikatoka.

Alidhani furaha ya mama yake itafunika kila kitu. Mama alipiga vigelegele, akawapigia simu watu wote aliowajua na wawili aliokosea namba, akaanza kupanga nguo ambazo hazihitajiki kule. Sista alimtazama akikunja, akashindwa. Akamweleza yote, tangu kaunta hadi lile koti. Alitarajia mama amtetee, aseme, kwani wewe ndiye uliyemuua? Angefurahi kusikia hivyo.

Mama alikaa kitandani, gauni mapajani.

"Ulimpa pole?"

"Nilimpa."

"Lini? Kabla hajakukuta na koti, au baada?"

Sista akaokota nguo moja, akaanza kuikunja upya.

"Kabla," mama alisema. "Basi hiyo ilikuwa ya kuombea njia. Hujampa pole. Rudi."

"Mama, nitamtazamaje?"

"Hivyo hivyo. Mimi nitapanda hiyo ndege, sitakudanganya. Nataka kumwona mtoto. Lakini wewe utarudi kwa yule mama kwanza."

Akarudi Jumamosi asubuhi, safari hii bila matunda. Mjane alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda akifua. Alimwona akifungua geti, akaendelea kufua.

"Umesahau kingine?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba radhi. Nilikuja hapa kwa ajili ya ile karatasi, nikasema nimekuja kukujulia hali. Nilikudanganya nikiwa ndani ya nyumba yako. Naona aibu, mama. Sina neno jingine."

Mjane akakamua shati. Lilikuwa shati la kiume. Akalitungika begani kwake, maji yakamchuruzika mgongoni, hakujali.

"Tiketi ulipata?"

"Nilipata. Ni ya mama yangu. Anakwenda kumwona mjukuu."

"Aende salama. Hiyo sina kinyongo nayo. Ungeniambia pale mlangoni, ningekutolea mwenyewe, na tungekula." Akafuta povu kwenye mikono. "Mimi kuna jambo moja tu linaninyima usingizi. Yale uliyoniambia. Kwamba alisema nile, nisimsubiri."

"Alisema, mama."

"Siku ile, nani alianza? Nilikuambia mimi kwanza kwamba nilikuwa namsubiri kula, au ulisema wewe kwanza?"

Sista alijua jibu. Aliona pia kwamba hapa ndipo alipoharibu kweli, si kwenye mfuko wa koti.

"Ulianza wewe, mama. Wewe ulisema, ndipo nikakumbuka."

"Ndivyo ninavyokumbuka na mimi."

"Lakini aliyasema! Nilikuwa namfuta uso. Aliniita, akasema, mwambie mama yao ale, asinisubiri. Naapa kwa mama yangu mzazi."

"Huenda." Mjane alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na chuki machoni mwake, ni uchovu tu. "Nataka kukuamini, sista. Usiku nikiyaweka yale maneno kichwani nasikia sauti yake, nafarijika. Halafu nakuona wewe umeshika koti, na sauti inapotea. Sasa mimi nifanyeje?"

Sista akachuchumaa, akashika upande mmoja wa shuka lililokuwa kwenye beseni, na mjane, baada ya kusita, akashika upande wa pili. Wakalikamua pamoja, wakalianika. Mjane hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Sista alipoaga, mjane aliitikia, "Haya."

"Kakupokea?" mama aliuliza jioni.

"Kanipokea."

"Kakusamehe?"

"Hakusema. Sikumuuliza."

Mama akaguna, akaendelea kubana begi kwa goti. Alhamisi yake akaruka. Kutoka kule alipiga simu akipiga kelele kama vile umbali ule unahitaji koo, mtoto akalia nyuma yake, mdogo mtu akacheka, na Sista akacheka nao.

Mwezi uliofuata alipewa mgonjwa mwingine, msichana aliyekwenda kurekebishwa uti wa mgongo, akisindikizwa pia na baba yake, dereva wa lori. Shirika lilikuwa limeshapata rafiki mwingine, na yule daktari mwenye maneno mengi alikuwa ameshamwandikisha Sista huko. Kaunta, karani akauliza, "Namba ya uanachama ipo?"

Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu. Sista akafungua mdomo, akaufunga. Akamgeukia yule dereva.

"Baba, samahani. Mimi nikisafiri na mgonjwa huwa napata pointi. Zinaingia kwangu, kwa faida yangu. Nikiitaja namba yangu hapa, utaona vibaya?"

Dereva alimkodolea macho, akamtazama karani, akamtazama binti yake kwenye kiti cha magurudumu, akacheka. "Sista, sasa hilo nalo ni la kuuliza? Taja, tuondoke!"

Watu wa nyuma nao wakacheka. Karani akasubiri, vidole vikiwa juu ya vibonye. Sista akaitaja namba, tarakimu moja moja, kwa sauti ya chini sana mpaka karani akamwomba arudie, na alipokuwa anarudia uso wake ulikuwa unawaka moto.